Jino Lisilo na Kosa: Habari za Maumivu ya Taya

Barabara itokayo Lodwar kwenda Lokichoggio hupita Kakuma, kisha hufika Kalobeyei. Zamani hapo palikuwa ni kijiji kidogo cha wafugaji wa Kiturkana. Tangu mwaka 2016 yamejengwa karibu nacho makazi makubwa, ambamo watu waliokimbia vita na taabu katika Sudan Kusini, Ethiopia, Burundi na Kongo hukaa jirani na wenyeji. Mtu akipita mbele ya zahanati ya huko asubuhi, wakati foleni ingali ndefu na jua halijawa kali, si ajabu amkute mgonjwa aliyejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Maana ya kitambaa hicho yajulikana na kila mtu: mwenye nacho anaumwa na taya. Naye karibu kila mara amekwisha kukata hukumu yeye mwenyewe kwamba mwenye kosa ni jino, na alilolifuata zahanati ni kung'olewa tu.

Mara nyingi hukumu hiyo huwa ya haki. Jino lililooza likaachwa muda mrefu huuma kwa namna ambayo hakuna aliyeionja atakayeisahau. Lakini wako wengi ambao meno yao ni mazima, na kinachouma ni kitu kingine ambacho hawajapata kusikia habari zake, nacho ni kiungo cha taya pamoja na misuli inayolivuta. Watu wa namna hii hung'olewa gego moja, maumivu yasiishe; wakang'olewa la pili, yasiishe pia; hata mwisho hubaki na pengo upande mzima wa kinywa, na maumivu ni yale yale. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Msomaji atakaye kukijua kiungo hicho na aweke ncha za vidole vyake mbele kidogo ya masikio, kisha afungue kinywa polepole na kukifunga. Atasikia kitu kikicheza chini ya vidole. Hicho ni kichwa cha taya la chini, ambacho hukaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu. Kati ya kichwa na kishimo kuna kisahani chembamba cha gegedu, kilichowekwa ili mfupa usisage mfupa. Kiungo hiki si kama bawaba ya mlango, ambayo huzunguka tu mahali pamoja. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka. Kinapozidi kufunguka, kichwa hicho huteleza mbele na kutoka kishimoni kidogo, nacho kisahani hufuatana nacho. Tena viungo ni viwili, kimoja kila upande, vimeungwa na mfupa mmoja, hata kimoja hakiwezi kwenda bila mwenziwe. Kazi yake haina likizo: kula, kunena, kumeza mate, kupiga miayo, kuimba kanisani, na kwa wengine kusaga meno usiku kucha.

Sababu ya watu kukosea ni kwamba mshipa wa fahamu ulio mkuu katika uso hupokea habari za meno, za kiungo, za misuli ya kutafunia na za sehemu ya sikio. Ni kama ofisi nyingi zinazotumia waya mmoja wa simu: kengele ikilia, karani aliye upande wa pili hajui ni nani anayepiga. Kwa hiyo kiungo kikiumwa, mtu mmoja atasema ni gego, wa pili atasema ni sikio, na wa tatu atalalamika kichwa.

Mfano mmoja utaeleza vizuri kuliko maneno mengi. Na afikiriwe mama mmoja wa miaka 30 hivi, auzaye unga na mafuta katika soko la Kalobeyei. Taya lake la kuume limemuuma kwa majuma matatu. Maumivu huanza mbele ya sikio, hushuka mpaka kwenye magego, na siku nyingine hupanda hata kwenye panja. Makali yake ni asubuhi, na wakati huo kinywa hufunguka kwa shida.

"Daktari," asema, "nitolee hili la nyuma nipate kulala."

"Pole sana, mama. Ni lipi hasa?"

Mama aonyesha gego moja kwa kidole, kisha asita, aonyesha lililo jirani yake.

Huko kusita ni jambo la kutazamwa. Jino bovu hujitaja lenyewe: likigongwa taratibu kwa kijiti cha chuma huuma, likiguswa na maji baridi au kitu kitamu huuma, na mara nyingi tundu lake au uvimbe wa ufizi huonekana kwa macho. Tabibu amgonga mama meno yote ya upande huo, wala hakuna linalolalamika. Kisha ambonyeza mbele ya sikio, na kwenye msuli mnene wa shavu.

"Hapo! Hapo hapo, daktari!"

"Je, mama, wewe husaga meno usiku?"

"Mimi nimelala, nitajuaje? Ila watoto husema wananisikia."

"Basi gego lako halina kosa. Nikiling'oa leo, juma lijalo utarudi na maumivu haya haya, nawe huna gego."

Yafaa kusema mara moja kwamba maneno kama hayo ni magumu kupokewa. Mtu aliyetembea saa nzima katika joto la Turkana, akangoja foleni, hutaka aondoke na kitu anachoweza kukiona, na jino lililo ndani ya kipande cha karatasi laonekana. Tabibu mwenye haraka, mbele ya foleni ndefu, naye huona ni rahisi zaidi kung'oa kuliko kueleza. Makosa mengi huzaliwa kwa mapatano ya wawili hao.

Sasa, ni nini kinachokiumiza kiungo hiki? Wataalamu wa siku hizi hawataji sababu moja, bali husema kwamba mambo kadha wa kadha hukutana. Kuna pigo la taya, kwa ngumi, kwa kuanguka, au katika ajali ya pikipiki. Kuna ugonjwa wa baridi yabisi, ambao hushika viungo vingine pia. Lakini lililo kubwa ni kazi iliyozidi kiasi. Watu wa Turkana hupenda kuguguna matunda ya mkoma, ambayo wenyewe huyaita eng'ol. Ni matamu na yana msaada mkubwa wakati wa ukame, ila ni magumu kama kuni, na mwenye taya linalouma hayamfai. Mla miraa naye huweka tonge katika shavu moja, akatafuna saa nne au tano bila kupumzika, na kesho yake hufanya vivyo hivyo katika shavu lile lile. Hakuna misuli ya mwili itakayotumikishwa hivyo isidai malipo yake.

Tena kuna kusaga na kukaza meno. Jambo hili hufuatana sana na wasiwasi wa moyo na usingizi usiotulia. Hapana haja ya kueleza kwa urefu kwa nini wasiwasi ni mwingi mahali ambapo watu wengi waliacha nyumba zao zikiungua, na ambapo mgao wa chakula ukipunguzwa habari hizo hulala na kila mama kitandani. Mtu aweza kuficha huzuni yake mchana kutwa, akacheka na wateja. Usiku taya humwumbua. Wanawake hupatwa na ugonjwa huu kuliko wanaume, hasa walio kati ya miaka 20 na 40.

Wengine hawana maumivu, ila husikia mlio kila wafunguapo kinywa, "ka!", kama kijiti kilichovunjika. Mlio huo hutokea wakati kisahani kilichosogea mbele kinaporudi mahali pake. Ukiwa peke yake, bila maumivu na bila kinywa kukwama, hauhitaji dawa, na mwenye nao aweza kuishi nao hata uzeeni. Lakini kama mlio umekoma ghafula na papo hapo kinywa kikakataa kufunguka zaidi ya kidole kimoja au viwili, huenda kisahani kimekwama mbele ya kichwa cha taya, na hilo lataka kutazamwa na tabibu. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida, aweza kuingiza vidole vyake vitatu vya katikati, vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini.

Kinyume chake ni kinywa kukataa kufunga. Mtu amepiga mwayo mkubwa, au amefungua kinywa sana kwa kicheko, mara kichwa cha taya kikapita mpaka wake na kunasa mbele. Mate humtiririka, kusema hawezi, na walio karibu huweza kudhani amerogwa. Hajarogwa; taya limeteguka. Dawa yake ni ya zamani mno. Katika Misri ya kale, kiasi cha mwaka 1600 kabla ya Kristo, yaliandikwa juu ya mafunjo mafundisho ya kutibu majeraha, na karatasi hizo zilinunuliwa huko Luxor mwaka 1862 na Mmarekani aitwaye Edwin Smith. Humo imeelezwa namna ya kulirudisha taya lililoteguka, na jinsi ile karibu ndiyo itumiwayo na matabibu hata leo: vidole gumba huwekwa ndani ya kinywa juu ya meno ya nyuma ya chini, vidole vingine hushika taya kwa nje, kisha taya hukandamizwa chini na kusukumwa nyuma. Jirani asijaribu. Misuli hukaza kwa nguvu nyingi, na taya likirudi meno hufunga kwa ghafula juu ya vidole. Tena mara nyingine pana mfupa uliovunjika ambao jirani hakuujua. Mgonjwa apelekwe upesi, kwa sababu kila saa ipitayo hulifanya taya kuwa gumu zaidi kurudishwa.

Kwa mgonjwa wa namna ya yule mama, tiba iliyo bora ni ya upole, nayo hufanyika nyumbani. Taya hupumzishwa kama vile upumzishwavyo mguu ulioteguka, ila kuna tofauti kwamba mguu waweza kulazwa kitandani, bali taya hapana budi lile. Basi kwa majuma kadha mgonjwa ale uji, ugali laini, mboga zilizoiva sana, samaki, maharagwe yaliyopondeka. Nyama ikiwapo ikatwe ndogo ndogo. Mwenye kupata mahindi mazima ayasage. Makoma, miraa na mifupa ya kuguguna viachwe kwanza. Akitaka kupiga miayo, aweke ngumi chini ya kidevu. Asilalie taya, wala asikae mezani akiwa ameegemeza kidevu mkononi, kama makarani wafanyavyo saa nane mchana. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kisiunguze, kiwekwe shavuni kwa dakika 10 au 15, mara mbili tatu kwa siku. Mchana ajikumbushe mara kwa mara: midomo imefungwa, meno hayagusani. Meno ya juu na ya chini hayakuwekwa ili yakutane mchana kutwa, bali wakati wa kutafuna na kumeza tu, na wengi hushangaa wakijichunguza na kujikuta wameyauma.

Dawa ya parasetamoli husaidia. Ile iitwayo ibuprofeni husaidia zaidi baadhi ya watu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mwenye mimba wasiinunue dukani bila kumwuliza tabibu. Katika hospitali zenye mganga wa meno mgonjwa asagaye meno usiku aweza kutengenezewa kifuniko cha plastiki cha kuvaa wakati wa kulala. Walio wengi hupata nafuu kwa njia hizi, na wanaohitaji kupasuliwa ni wachache sana.

Kiungo siyo kitu pekee kinachofanya meno yasiyo na hatia kuhukumiwa. Visima vingi vya Turkana, na maji ya ziwa lenyewe, vina madini ya floraidi kwa wingi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia tangu yanapojijenga ndani ya taya. Jino la rangi hiyo si lazima liwe limeoza. Tena iko desturi mbaya zaidi, ijulikanayo katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na Sudan Kusini, ya kuchimbua vijijino vya mtoto mchanga kwa kijiti cha baiskeli au kisu, kwa kudhani kwamba "meno ya plastiki" ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Mtoto huachwa na kidonda, damu imemtoka, na homa yake haijatibiwa.

Desturi nyingine ya Waturkana ni ya namna tofauti, nayo ina akili ndani yake. Wengi wa wazee, na baadhi ya vijana, hawana meno mawili ya mbele ya chini. Miongoni mwa sababu zinazosimuliwa ni kwamba mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya, maziwa au uji upate kupita katika pengo hilo. Ugonjwa huo ni pepopunda. Waliotangulia hawakuwa na dawa yake, lakini walikuwa wameuona, wakaujua, wakajiwekea mlango. Siku hizi iko chanjo, ambayo kliniki huwapa akina mama wenye mimba na watoto wachanga kuanzia juma la sita. Lakini kuijua dalili kungali na faida. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, huingia kwa kidonda cha mwiba, cha msumari, au kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Na mara nyingi baada ya siku 3 hadi 21 taya huanza kukaza, kisha shingo na mgongo. Mtu mwenye taya gumu ambaye alijichoma mwiba juma lililopita asipoteze hata saa moja kwa kitambaa cha maji ya moto.

Wala jino lililooza kweli lisidharauliwe. Usaha wa jino ukishuka chini ya taya hata uvimbe ukafika shingoni, mgonjwa akawa na homa, akashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, yuko katika hatari ya kufa. Jambo hili si jipya katika nchi hiyo. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Bwana Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mtoto wa kiume aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Waliomchunguza waliona dalili za ugonjwa katika taya lake la chini, karibu na mahali palipotoka jino la utotoni, na wengine wao walidhani kwamba huenda sumu ya hapo ndiyo iliyomwua, ingawa hakuna awezaye kulithibitisha.

Kwa mtoto kuna hofu ya pekee. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kuume na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine huko Jinja. Burkitt hakuridhika kuwaona wagonjwa waliomfuata. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kutoka Kampala mpaka kusini ya Afrika, mwendo wa kilomita kama 16,000, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe ule wajulikana. Ilionekana kwamba wafuatana na nchi za joto na mvua, zile zenye malaria nyingi. Ni kansa, lakini ni kansa ambayo dawa huitibu vizuri sana mtoto akiletwa mapema. Mara nyingine dalili ya kwanza ni meno ya nyuma kulegea yenyewe, bila kuoza, na shavu kuvimba pengine bila maumivu makubwa. Mtoto akilegea meno hivyo, akang'olewa na kurudishwa nyumbani, majuma yanayopotea ni ya thamani, kwani uvimbe huu hukua upesi mno. Wengi wa wakaao Kalobeyei wametoka katika nchi zenye malaria nyingi, na safari ya kutoka Kakuma hadi hospitali ya kaunti iliyo Lodwar ni kama kilomita 120. Kwa mtoto wa namna hiyo si mbali.

Uvimbe wa matubwitubwi, ambao huja kwa homa chini ya masikio na kuondoka wenyewe, ni jambo jingine na huwa mwepesi zaidi. Na mtu wa makamo ambaye taya lake huuma apandapo kilima au abebapo mzigo, kisha huacha akipumzika, hasa kama kifua hubana pamoja nalo, aombe kupimwa moyo.

Kwa kumsaidia tabibu, mgonjwa na atafakari maneno yake angali katika foleni: maumivu yalianza lini, yako mbele ya sikio au katika jino moja analoweza kulionyesha bila kusita, huzidi saa ngapi, kama kinywa hufunguka vidole vitatu, kama alipata kidonda au pigo, kama ana homa, na kama ameanza kupungua mwili.

Mama wa mfano alirudi sokoni na gego lake kinywani, haridhiki sana, na kitambaa chake amekitia mfukoni. Makoma aliyaacha, binti yake mkubwa alipewa kazi ya kumwamsha kila asikiapo mlio wa meno, kazi ambayo aliifanya kwa bidii kuliko ilivyotakiwa. Juma la kwanza halikuonyesha tofauti yoyote. Katika juma la tano vidole vitatu viliingia. Mlio wa "ka!" ungalipo, naye amekwisha kuuzoea.